Redio ya Impala ya Chon

Chelo Villagrán alikuwa mpishi wa shule ya msingi pale Boyle Heights, mashariki ya Los Angeles. Nyumba yake na yangu zilitumia ukuta mmoja. Gerejini mwake mlikuwa na gari ambalo hakuliendesha hata siku moja: Impala ya mwaka 1962, buluu ya anga, mali ya kaka yake Chon. Chon alikuwa gerezani tangu Chelo akiwa msichana. Mtu alikufa, Chon hakukana, akafungwa maisha.

Kila Jumapili alipiga simu. Kwanza mashine ilitangaza kwamba simu inatoka gerezani, kisha Chon akaingia, bila hata hodi.

"Umeliwasha?"

"Nimeliwasha, kaka."

"Limekohoa?"

"Anayekohoa ni wewe. Gari lako zima."

Na kweli lilikuwa zima, vile vile lilivyotoka kiwandani. Vijana wa mtaa wetu wakipata gari kama lile, kazi ya kwanza ni kuchukua msumeno, kukata dashibodi na kupachika redio kubwa ya kisasa. Chon aliwaita wachinjaji. "Siku nikisikia umelikata uso gari langu, Chelo, natoroka jela nakuja kukuchapa."

Mwaka ule kikohozi chake kikaitwa saratani ya mapafu, akahamishiwa wodi ya gereza. Chelo akaomba aachiwe, aje afie nyumbani. Akaambiwa ombi linashughulikiwa. Akipiga simu ofisi moja, anaelekezwa nyingine. Akipiga nyingine, anarudishwa ya kwanza. Nilimkuta jikoni kwake kakaa na simu sikioni, maharagwe yanaungua, muziki wa kusubirishwa unalia, naye hana habari na maharagwe.

Chon mwenyewe hakuomba makubwa. Selini alikuwa na kijiredio, na kila Jumapili jioni alisikiliza kipindi cha salamu, kile cha nyimbo za zamani ambacho nusu ya wanaosalimiwa ni wafungwa. Wodini wakamnyang'anya.

"Mdogo wangu," akasema, "Jumapili nikipiga, kaa ndani ya gari, fungulia kipindi, weka simu kwenye spika. Nataka nikisikie kikitokea mle."

Chelo akaitikia kabla hajafikiri. Redio ya Impala ilikuwa bubu miaka nenda miaka rudi, na hata ingekuwa hai, ilishika masafa ya kati tu. Kipindi kilikuwa FM.

Akamwita Fidencio, fundi redio wa barabara ya pili. Fidencio akachungulia dashibodi, akapiga mluzi. "Rahisi hii, dada Chelo. Nakata hapa, nachomeka hapa..."

"Ukikata hapo, na mimi nakukata wewe."

"Haya, haya, weka kisu chini!" Akalala chali sakafuni mwa gari, tochi mdomoni, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na jibu. "Uso unabaki. Vifundo vya kuzungusha vinabaki, vitufe vinabaki. Natoa matumbo tu, natia mapya ya kushika FM. Spika inakaa pale pale chini ya wavu wake, waya zinafuata njia zile zile. Hakuna tundu jipya. Na matumbo ya zamani nakuwekea kwenye sanduku, ukitaka siku moja nayarudisha."

Jumapili Chelo akamweleza kaka yake.

"Kwa hiyo nje ni yeye, ndani ni mgeni," akasema Chon.

"Ndiyo, kaka."

"Kama mimi. Ila mgeni wangu mimi ananila." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwambie afanye. Lakini kifundo cha kulia kina mkwaruzo, ni wa pete ya mama. Asije akausugua."

Fidencio hakuusugua. Jumamosi alipomaliza, tulijibana watatu kiti cha mbele, Chelo akageuza kifundo, taa ndogo ya manjano ikawaka nyuma ya namba, na sauti ikatoka nzito, laini, kama iliyokuwa imehifadhiwa mle ndani siku zote. Chelo akanipiga begani akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu habari ya saratani.

Kesho yake jioni akavaa nguo ya kanisani, akaketi nyuma ya usukani. Salamu alikuwa ameshazituma. Mimi nikakaa pembeni yake.

Kipindi kikaanza. Simu haikulia. Tukasikia salamu za wengine: za mama kwa mwanawe, za mke kwa mumewe. Kisha mtangazaji akasoma: "Kwa Chon, kutoka kwa mdogo wako Chelo na mtaa mzima. Gari lako linakungoja." Wimbo ukaanza. Chelo akainyanyua simu ile iliyonyamaza, akaisogeza karibu na wavu wa spika, akaishikilia hapo mpaka wimbo ukaisha. Sikuweza kumwambia aishushe.

Jumatatu akapiga gerezani. Chon ameondolewa, wakamwambia.

"Amepelekwa wapi?"

"Hospitali ya nje."

"Hospitali gani?"

"Haturuhusiwi kusema, mama. Ni usalama."

"Usalama wa nani? Mtu hawezi hata kusimama!"

Fidencio akafunga duka lake, akampakia Chelo kwenye gari lake la kazi, wakazunguka hospitali kuuliza jina mapokezi. Wakarudi na tamale zile zile za unga wa mahindi ambazo Chelo alikuwa amempikia kaka yake. Mgonjwa wa gereza, walielezwa, jina lake haliwekwi wazi.

Siku zikapita. Alasiri moja, Chelo ndio kwanza karudi kutoka kazini, simu ikalia. Padri wa wafungwa alikuwa amemwombea Chon ruhusa.

"Uko garini?" Sauti ilikuwa nyembamba kama karatasi.

Chelo akakimbia na aproni yake, akafungua mlango wa gari, akageuza kifundo. Redioni mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza magodoro.

"Ngoja, kaka, ngoja nikutafutie wimbo..."

"Acha. Acha hapo hapo."

Akaiweka simu kwenye wavu. Magodoro yakatangazwa mpaka mwisho, ukubwa wote, pamoja na mito ya bure.

"Inasikika tamu," Chon akasema. "Uso haukuguswa?"

"Haukuguswa."

"Mama angeenda kulinunua godoro lile." Akavuta pumzi. "Chelo, nasikia baridi..."

Mashine ikaingia kati ikasema muda umekwisha. Chelo akabaki akiita jina lake ndani ya gari, na redio ikaendelea na matangazo mengine.

Chon alikufa wiki ile ile. Padri ndiye aliyepiga simu. Chelo akamuuliza kama palikuwa na mtu karibu naye. Padri akasema alikuwepo askari mmoja, na kwamba Chon alikuwa amefungwa pingu kwenye kitanda, ndiyo kanuni.

"Alikuwa na blanketi?" Chelo akauliza.

Padri hakujua.

Asubuhi yake nikamwona anatoka kwenda shuleni. Nikamwambia, jamani Chelo, leo pumzika. Akaniambia hakuna mwingine wa kuwapikia wale watoto, akaondoka.