Meza ya Mama Mjini Mbarara

Kupata meza katika mgahawa unaogombaniwa ni ufundi, na mimi ninao. Niliondoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na begi moja, nikarudi na diploma ya hoteli niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha sahani Nairobi. Kote nilikosafiri nimekula pale ambapo wenye magari makubwa waliambiwa pamejaa. Napiga simu asubuhi, wapishi wakiwa bado wanamenya vitunguu, maana jioni hakuna wa kukusikiliza. Siku ikifika, napiga tena kuthibitisha.

Ndivyo nilivyopata meza ya watu wanne katika mgahawa wa kilimani Mbarara, ambao Jumapili zake hujaa wiki kadhaa mapema. Nilitaka Mama, aliyenilea kwa jembe, akae kitini aletewe chakula kama bibi harusi.

Ila nilisahau jambo ambalo mtoto wa Kivu, kule Kongo, hasahau: mama haendi karamuni peke yake. Gari lilipofika, alishuka Mama, kisha wakashuka akina mama wote wa kikundi chake cha maombi, wamevaa kitenge cha aina moja.

"Mama, nilisema watu wanne!"

"Bane? Nilipokuwa mugonjwa ni hawa balinichotea maji. Nitakula namna gani, hawa bananiangalia?"

"Diploma yako inaogopa viti, baba?" mmoja wao akadakia, wakacheka.

Mkuu wa wahudumu hakucheka. "Sebo, bwana, wewe nilikuandika watu wanne. Hawa wote hapana."

Mama akajifunga upya kitenge chake, tayari kurudi garini. Nikajua akiondoka hivyo, hatakanyaga tena mahali kama pale.

Nikatazama bustanini. Kulikuwa na meza ndefu, glasi zimepangwa, viti vitupu, na wakati wa chakula ulikuwa unapita.

"Wale wamethibitisha leo?"

"Bado."

"Wapigie."

Nimesimama kwenye milango ya migahawa kama ule miaka mingi, nikipokea wageni. Najua meza tupu inavyomuuma mkuu wa wahudumu. Akapiga. Wageni wake walikuwa bado Bwizibwera, mji wa nje ya Mbarara, wakimngoja mwenzao.

"Waambie saa kumi meza itakuwa safi inawasubiri. Sisi tutakuwa tumeondoka. Nasimamia mwenyewe."

Akawaambia, wakakubali, kisha akavuta kiti cha mbele kabisa. "Mama, karibu."

"Leo omba kwa kifupi," nikamnong'oneza Mama.

Akamwombea mpishi, mkuu wa wahudumu, Uganda nzima, na hata wale wa Bwizibwera wafike salama. Supu ikapoa, lakini meza za jirani zote zikaitikia amina. Kabla ya saa kumi tulikuwa tumeinuka, kama nilivyoahidi, na mkuu wa wahudumu mwenyewe akatusindikiza hadi garini.

"Unamujua huyu?" Mama akamuuliza, akinishika bega. "Ni mutoto wangu. Ukisikia sauti yake kwa simu, tayarisha viti mingi."

Tangu siku hiyo, nikipiga simu kule, swali la kwanza ni kama Mama anakuja. Nami huagiza meza ndefu.