Nilivyobanwa na roboti kiwandani kwa sababu ya neno "karibu"

Wakuu, nawasalimu wote, wa siku nyingi na waliojiunga jana.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na kifua changu ndicho shahidi. Anayetafuta chai, yaani hadithi za kutunga, apite kushoto, hapa naeleza kilichotokea tu.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha juisi, njia ya Bagamoyo. Jina la kiwanda msiniulize, bado nakula hapo. Kwetu ni Mlingotini, ukoo mzima wavuvi, mimi peke yangu ndiye niliyekwenda kupanga maboksi.

Zamani kupanga maboksi ilikuwa kazi ya mgongo. Boksi linatoka kwenye mkanda, unalibeba, unaliweka kwenye paleti ya mbao, na lingine limeshafika. Jioni ukirudi nyumbani hata kuinama kuvua viatu huwezi.

Ndipo ikaletwa roboti.

Wale mnaofikiria roboti za kwenye sinema, zenye macho na miguu, sahauni. Hii ni mkono mmoja mkubwa wa chuma, rangi ya njano, umefungwa sakafuni kwa bolti. Unachukua maboksi kwenye mkanda, unageuka, unayapanga kwenye paleti yamenyooka kuliko alivyopanga binadamu yeyote pale. Hauchoki wala hauombi ruhusa ya kwenda msibani.

Waliopunguzwa kazi walikuwepo, sitaficha, na wengine ni majirani zangu. Mimi nilibahatika kubaki, nikafundishwa kuihudumia. Mgongo wangu ukapona, na hilo nalo sitalificha.

Roboti imezungushiwa uzio wa waya wenye geti. Kwa kuwa hakuna wa kuisogelea hovyo, tukaibatiza jina la Mkwe. Watu wa Pwani mnanielewa. Mkwe humwendei kichwa kichwa, unasimama mbali, unapiga hodi, unasubiri uitikiwe.

Utani huo ukageuka utaratibu wa kazi. Mtu akitaka kuingia ndani ya uzio anasimama getini na kupaza sauti, "Hodi kwa Mkwe!" Aliyeko kwenye paneli, ule ubao wa swichi nje ya uzio, anaizima roboti, halafu anaitikia, "Karibu!" Ukishasikia hivyo unaingia.

Tulicheka sana na mchezo ule. Hata Kessy, fundi wetu mkuu, mtu wa bara asiyecheka ovyo, alikuwa anacheka.

Sasa sikilizeni hapa.

Geti lina swichi yenye ulimi wa chuma. Ukifungua geti, ulimi unachomoka na roboti inazimika yenyewe. Lakini huku kwetu unyevu ni mwingi, gundi ya maboksi inaachia na maboksi yanafumuka kila mara. Kila ukifungua geti laini nzima inasimama, si roboti peke yake kama ikizimwa kwenye paneli, na kuianzisha upya ni shughuli.

Mtu mmoja, simtaji, akachukua ulimi wa akiba akauchomeka kwenye swichi, ukakaa humo moja kwa moja. Roboti ikawa inaamini geti limefungwa muda wote. Tulijua wote. Tukafurahi kwamba kazi inakwenda.

Kwa hiyo kilichobaki kutulinda ni hodi na karibu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Kessy alikuwa Chalinze kupokea kipuri. Kwenye paneli yupo Mwanahamisi, dada wa Bagamoyo mjini, tuliyefundishwa naye kazi pamoja.

Boksi likafumuka mwisho wa mkanda. Juisi inamwagika, chupa zinaviringika. Nikaenda getini.

"Hodi kwa Mkwe!"

Mashine ya kujaza chupa ilikuwa inanguruma. Katikati ya kelele nikasikia sauti ya Mwanahamisi, "Karibu..." Nikatazama roboti, imetulia tuli. Nikaingia.

Wakuu, roboti iliyotulia inaweza kuwa haijazimwa. Ile ilikuwa inasubiri. Sensa, lile jicho la mashine la mwisho wa mkanda, ilikuwa haioni boksi zima, basi mkono ukakaa unangoja. Mimi nikainama, nikaliondoa boksi bovu, nikaifungulia njia kwa mikono yangu. Boksi la nyuma likateleza mbele, sensa ikaliona.

Sikuuona mkono ukija. Nilihisi upepo shavuni, kisha chuma kifuani, na mgongo ukagonga fremu ya mkanda. Mwanahamisi alipiga ukelele akagonga kitufe chekundu cha dharura.

Mkono ukasimama, ukiwa umenibana.

Mnadhani ndiyo pona yangu? Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe roboti ikizimwa kwa dharura breki zinafunga. Wenzangu wakaja kuusukuma, haukutikisika. Naweza kuvuta pumzi ndogo tu, ya juu juu, na kila nikiitoa naona ya kurudi inapungua.

Mmoja akapaza sauti, "Washeni tena, utaondoka wenyewe!"

"Asiguse mtu!" Mwanahamisi akafoka. "Ikiwaka inaendelea ilipoishia!"

Ilipoishia ni kwenye mbavu zangu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilimfikiria mke wangu, nikakumbuka kuwa asubuhi nimetoka hata sijamuaga vizuri. Nilianza kusoma shahada moyoni.

Njia ilikuwa moja, kuurudisha mkono taratibu kwa ile rimoti yake kubwa yenye waya. Kazi hiyo huifanya Kessy. Mwanahamisi aliingia ndani ya uzio akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Kaka Seif, unanisikia? Kuna kitufe cha kujumlisha na kitufe cha kutoa. Kimoja kinauondoa mkono, kingine kinakubana. Sikumbuki kipi ni kipi."

"Bonyeza... cha kutoa," nikasema. Akili yangu iliishia hapo, nataka kutolewa.

"Cha kutoa si lazima kikutoe, kaka."

Nilimsihi kwa macho. Akaweka kidole kwenye cha kutoa. "Nitagusa kidogo tu. Ukibanwa piga ukelele, usiniambie neno lolote."

Akagusa.

Wakuu, chuma kiliingia. Kidogo sana, lakini nilisikia kitu ndani yangu kinalia. Sauti iliyonitoka sikuijua kama ni yangu. Akaachia papo hapo.

Akabonyeza cha kujumlisha. Mkono ukarudi nyuma, taratibu, bila haraka yoyote, na hewa ikaingia kifuani mpaka nikakohoa. Nikaanguka kwenye juisi, nikalia mbele ya kiwanda kizima. Sioni haya kusema.

Wakanitoa nje, nikakaa juu ya paleti tupu. Mwanahamisi akaja, kanga imelowa machozi.

"Kaka, kwa nini uliingia? Mimi nilikwambia karibu inasimama!"

"Ulisema karibu."

"Nilisema karibu inasimama! Nilikuwa bado sijaizima!"

Tukatazamana. Hakukuwa na mwongo kati yetu. Yeye alisema bado kidogo, mimi nikasikia ingia ndani. Kelele za mashine zilimeza neno moja tu.

Hospitali walinipiga picha. Mbavu nzima, ila kifua chote kilikuwa cheusi. Kwa wiki kadhaa nililala kwa kukaa. Mke wangu akataka niache kazi, mama naye akasema bora nirudi baharini kuliko kufa nimebanwa na boksi la juisi. Nilikuwa nashtuka usingizini nikihisi ule upepo shavuni.

Nikarudi. Mwili wangu haukutaka, ila nyumba inakula.

Kessy aliung'oa ule ulimi wa akiba kwa mkono wake, hakututazama usoni. Hodi ikapigwa marufuku. Sasa paneli ina ufunguo mmoja. Anayeingia ndani ya uzio anauchomoa na kuingia nao, mpaka atoke hakuna wa kuiwasha roboti.

Mara ya kwanza kuingia tena nilisimama getini, nimeshika waya wa uzio. Mwanahamisi aliacha paneli, akatembea mpaka nilipo, akaniwekea ufunguo kiganjani, akanikunjia vidole juu yake. Niliingia huku nimeukaza mpaka meno yake yakanichora ngozi.

Siichukii roboti, wakuu. Imenirudishia mgongo wangu. Ila haijui kama wewe ni Seif au boksi, na haisikii hodi.

Funzo langu nimeshalipata. Ninyi wa viwandani, wa mashine za mbao, za kusaga, za matofali, nataka kusoma ya kwenu hapa chini. Mwenzako akiwa ndani ya mashine, ufunguo unakaa mfukoni kwa nani? Na mwenye mume, mke au mtoto kiwandani amuulize leo akirudi.

Akikujibu kwamba hawahitaji ufunguo, wanaaminiana tu, mwambie hata Seif na Mwanahamisi walikuwa wanaaminiana.