Wali wa Aliye Ng'ambo

Eom Ok-ran alizaliwa tarehe 19 Septemba 1951 katika kisiwa cha Gyodong, miezi saba baada ya baba yake kuvuka maji kurudi kwao Yeonbaek, walikotoka kwa kukimbia vita, kuchukua mchele. Alikuwa ameufukia kwenye shimo nyuma ya zizi la ng'ombe. Alimwambia mkewe, Tak Gan-nan, kwamba atarejea maji yakishakupwa na kujaa tena, akaazima mtumbwi kwa jirani na kuondoka. Jirani huyo alifariki miaka ya sitini, na hadi siku zake za mwisho alikuwa akiuliza habari za mtumbwi wake.

Vita viliposimama, mpaka kati ya Korea mbili ulipita katikati ya maji yale. Tangu hapo hakuna aliyevuka. Ng'ambo inaonekana vizuri siku isiyo na ukungu: mashamba ya mpunga, nyumba nyeupe zilizopangwa mstari mmoja, mnara wa lindo, na kilima kifupi chenye upara. Eom Chi-deok, baba yake Ok-ran, kwao ni chini ya kilima hicho.

Gan-nan alikuwa na miaka ishirini. Asubuhi ya kwanza ambayo mumewe hakurudi, alipika, akapakua wali wa juu kabisa wa sufuria kwenye bakuli la shaba, akalifunika, akalizungushia kitambaa na kuliweka chini ya blanketi pale sakafu, inayopashwa moto kwa chini kutoka jikoni, inapopata moto zaidi. Ndivyo anavyotunziwa mtu aliyetoka, ili akifika asile wali baridi. Keshoye akafanya hivyo tena. Wali ambao haukuliwa na mwenyewe ulimwendea mtoto asubuhi ya pili yake, umekauka pembeni, unanukia shaba. Ok-ran alikulia wali huo. Shuleni, wenzake walipojisifu kwamba baba zao wamewanunulia viatu, yeye alijibu kwamba wake humwachia chakula.

Jiko la kuni lilikuja kuondoka, likaja la mafuta, kisha sufuria ya umeme inayotunza joto kutwa nzima. Bakuli likabaki chini ya blanketi.

Daraja lilipojengwa, mabasi yakaanza kumiminika kutoka Seoul, na Ok-ran, aliyekuwa mjane mwenye duka la vitambaa lisilo na wateja, akajiandikisha kuwa mwongoza wageni. Wilaya ilimpa mafunzo, kizibao chekundu na maikrofoni. Wageni humwita Mwalimu. Ziara yake haibadiliki: sokoni, ambako mbayuwayu hujenga viota chini ya mapaa ya maduka na wageni hununua maandazi ya kusokota, kisha kizuizi cha jeshi, kisha njia inayofuata seng'enge, ambako huwaonyesha mawe madogo yaliyopachikwa kwenye matundu ya waya. "Mtu akiutikisa waya, jiwe linaanguka," huwaambia. "Askari akipita, anatazama mawe. Kwa hiyo tafadhalini, asiegemee mtu." Mwisho ni kilimani, penye darubini za kutumbukiza sarafu na meza ya mawe ya kutambikia, iliyoelekezwa kaskazini.

Hapo kuna swali lisilokosekana. Mgeni atauliza kwao ni wapi, naye ataonyesha kilima chenye upara. Mwingine atauliza kama baba yake yu hai.

"Mama yangu anasema yu hai," hujibu Ok-ran.

Maoni yake mwenyewe hajapata kuyasema kwenye maikrofoni. Maoni hayo ni kwamba baba yake amekufa, tena zamani, na kwamba lingekuwa jambo jema kama nyumba yao ingekubali hivyo. Mzazi aliye hai husujudiwa mara moja, uso kwa uso. Aliyekufa husujudiwa mara mbili, mbele ya chakula chake, kijiko kimesimamishwa katikati ya wali ili roho ipate kula. Ok-ran ana miaka sabini na minne na hajawahi kumsujudia baba yake kwa namna yoyote kati ya hizo mbili. Desemba hii anastaafu. Mama yake ana tisini na minne. Akifa Gan-nan kabla jambo halijaamuliwa, bakuli litamwangukia binti, na binti hatajua anamwekea aliye hai au mfu.

Kilichokaribia kuliamua ni kelele.

Kwa karibu mwaka mzima vipaza sauti vya jeshi la ng'ambo, vilivyoelekezwa kisiwani, vilirusha milio isiyo na maneno. Mara mbwa mwitu, mara chuma kinachokwaruzwa, mara sauti kama ya mwanamke anayelia ndani ya pipa. Mbuzi wa jirani waliharibu mimba. Wageni walirekodi kwa simu, kisha wakarudi mjini kulala. Wanakisiwa walikunywa vidonge. Gan-nan pekee hakulalamika. Alikaa kitako juu ya sakafu yake ya moto, anamenya vitunguu saumu, na kilio kilipopanda alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani.

"Angalau wako macho," alisema.

Katikati ya Juni milio ilikatika. Kisiwa kizima kililala. Gan-nan hakulala.

"Wamekuwaje hawa?" alimuuliza bintiye asubuhi.

"Wamezima, Mama."

"Wamezima nini? Mtu anazimwa?"

Alianza kukaa dirishani. Alikula kidogo. Mara mbili Ok-ran alimkuta amesimama uani na viatu vya mpira, kichwa amekiinamisha upande wa kaskazini, na alipomgusa bega aliambiwa anyamaze. Hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Ok-ran naye alijikuta anasikiliza, na kimya kile kilimkera kuliko vile vilio. Vilio vilikuwa na swichi. Mtu fulani alivifungulia, mtu fulani akavifunga.

Mwezi Oktoba, wakichambua majani ya figili, mama akauliza, "Tisa ya mwezi wa tisa una basi?"

Mikono ya Ok-ran ilisimama. Siku ya tisa ya mwezi wa tisa, kwa kalenda ya wazee inayofuata mwezi mwandamo, ndiyo siku ya kuwatambikia wale ambao tarehe yao ya kufa haijulikani.

"Ninalo. Watu wa Busan."

"Nipakie."

Ok-ran hakuuliza zaidi. Alikuwa ameisubiri kauli hiyo maisha yake yote na aliogopa kuishika vibaya ikavunjika. Alinunua samaki mkavu aliye mzima na kichwa chake, mapeasi, njugu za miti, pombe ya mchele. Asubuhi ya siku yenyewe, mama akiwa chooni, aliinua pembe ya blanketi. Sakafu ilikuwa na joto, na bakuli halikuwepo. Akaishusha pembe ile taratibu. Aliketi pale muda, kiganja juu ya blanketi, akasubiri kulia. Machozi hayakuja.

Dereva wa basi, Ku Bon-chil, alimbeba Gan-nan mgongoni kupanda ngazi.

"Bibi, nauli yako iko wapi?"

"Mtoze huyo anayepayuka kutwa kwa maikrofoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema, na alikuwa mzito kweli."

Basi zima likacheka. Bwana Jegal, mwalimu mstaafu, akamwachia kiti chake cha mbele. Gan-nan alikaa, koti lake nene limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa limeshachomoza vizuri, mikono miwili tumboni.

"Bibi unaumwa tumbo?" aliuliza mke wa Jegal.

"Nalilinda."

Kwenye kizuizi, askari wa majini alipanda kukagua vitambulisho. Alipomfikia, Gan-nan alimtazama juu hadi chini. "Mimi nilikuwa hapa kabla babu yako hajaota meno. Anayepaswa kuonyesha kitambulisho ni wewe." Kijana alijizuia asicheke, akapiga saluti, akapita.

Ok-ran aliendesha ziara kama kawaida. Alionyesha mawe ya kwenye waya. Bata bukini walikuwa wakivuka kutoka kaskazini makundi kwa makundi, na Jegal akasema hao hawaulizwi vitambulisho, na Ok-ran akatabasamu kana kwamba hajawahi kusikia utani huo. Kilimani alizima maikrofoni. Alitandika mkeka chini na karatasi nyeupe juu ya meza ya mawe, akapanga matunda, akamweka samaki kichwa kikielekea mashariki. Alipakua wali kutoka kwenye kopo la plastiki hadi kwenye bakuli jeupe, akasimamisha kijiko katikati. Wageni walisogea. Simu kadhaa ziliinuliwa.

Gan-nan alikuja na mkongojo wake, hatua fupi fupi. Alikitazama kile kijiko.

"Cha nani hicho?"

"Cha Baba."

"Nani amekwambia baba yako amekufa?"

Ok-ran alishusha sauti, mbele ya basi zima la watu. "Mama, ni wewe uliyechagua siku ya leo."

"Nimechagua kwa ajili ya mama mkwe wangu, tuliyemwacha ng'ambo! Kazaliwa kabla Wajapani hawajaingia. Yule kafa, hata mtoto mchanga anajua kafa, na sijawahi kumpa hata tonge. Nilikuwa nangoja mwanawe aje ampe. Ndiye huyo aliyekuwa ananinyima usingizi, amekaa kimya pale dirishani ananitazama." Alinyoosha mkongojo. "Hicho cha kijiko ni chake. Umefanya vizuri. Lakini usiwachanganye watu."

Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, na vidole visivyotii. Alikuwa amejifunga tumboni shuka la kubebea mtoto. Akalifungua, na ndani yake mlikuwa na bakuli la shaba, kifuniko juu. Aliliweka mezani kando ya lile jeupe. Hakukuwa na kijiko.

"Shika," alimwambia bintiye.

Ok-ran alishika. Lilikuwa la moto.

"Yeye amechelewa tu," alisema Gan-nan.

Mke wa Jegal alikuwa ameanza kufuta macho, mumewe akampeleka kwenye darubini na kumtumbukizia sarafu, apate cha kufanya. Ok-ran alivua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka na kumsujudia mara mbili bibi yake ambaye hakuwahi kumwona. Alipomaliza, mama yake alilisogeza bakuli la shaba mbele kidogo.

"Sasa baba yako. Mara moja."

"Mama."

"Mara moja. Mimi nikifa, fanya utakavyo. Msujudie mbili, msujudie kumi, mwite na kwaya. Nikiwa na pumzi hii, ni moja."

Ok-ran aliinama. Paji lake la uso lilikuwa juu ya mikono yake, na mikono juu ya mkeka, aliposikia sauti ya mke wa Jegal nyuma yake.

"Kuna mtu."

"Wapi?" aliuliza mumewe.

"Pale chini ya kilima chenye upara. Amesimama. Anatazama huku."

"Hiyo sanamu ya kufukuzia ndege."

"Sanamu inavaa kofia na kuivua?"

Ok-ran aliinuka hadi magotini. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kushuka mara ya pili. Ulikuwa umeingoja hiyo ya pili miaka mingi, nao haukumwuliza. Mkongojo ukamgusa begani.

"Hapo hapo," alisema mama yake.

Alibaki magotini, mikono hewani, hadi mkongojo ulipoondoka. Ndipo alipovaa viatu na kwenda kwenye darubini. Mke wa Jegal alimpisha. Ok-ran aliinamisha jicho, na wakati huo huo kifaa kikalia tik kama saa, na ndani kukawa giza. Muda wa sarafu ulikuwa umekwisha. Mfukoni mwa kizibao chake mna sarafu daima, za kuwaazima wageni. Aliziingizia mkono, akazichezea. Mama yake alikuwa akimtazama kutoka mezani, hakusema tazama wala usitazame.

Ok-ran alitoa mkono mtupu, akawasha maikrofoni na kuwaomba wageni wajihesabu.

Ndani ya basi chakula cha marehemu bibi kiligawiwa, kila mtu kipande cha peasi na njugu, kama ilivyo desturi. Bakuli la shaba halikufunguliwa. Lilirudi tumboni mwa Gan-nan, na walipopita kizuizi alikuwa amesinzia, mdomo wazi, mikono imelizunguka. Nyumbani lilirudi chini ya blanketi. Ok-ran aliusikiliza usiku ule akiwa amejilaza. Mama yake alikoroma hadi alfajiri. Yeye ndiye aliyekaa macho, akimwona mtu anayevua kofia.

Asubuhi alikula ule wali. Ulikuwa umekauka pembeni.

Gan-nan anasema viganja vyake haviwezi tena kuinua sufuria. Tarehe 31 Desemba Ok-ran atarudisha kizibao chekundu na maikrofoni. Kuanzia Januari mosi, ndiye atakayepakua wali wa kwanza kwenye bakuli la shaba.