Mlango Uliofunguka Kupita Wenzake

Mimi nilinunua marashi ya gari kabla sijawa na gari. Usinicheke. Kalikuwa kakopo kadogo ka kutundika kwenye kioo, harufu ya limau, na nilikaficha kwenye mkoba wangu wa ualimu mpaka vitabu vya hesabu vya darasa la nne vikaanza kunukia kama chai ya mafua. Mume wangu alinusa mara moja tu tukiwa mezani, akaweka kijiko chini. "Umeona gari gani?" akaniuliza. Huyo mtu tumekaa naye miaka, hadanganyiki.

Gari nilikuwa nimeliona kwenye yadi moja inayouza magari mapya, barabara ile ya kwenda Uganda. Lilikuwa la buluu iliyokolea, limeegeshwa kando peke yake, na kibandiko cha kusema bei imeshuka. Lilikuwa gari la demo, lile ambalo kila mteja hupewa aonje kuendesha huku yale ya kuuzwa yakikaa safi chini ya paa. Kila nikienda benki saa ya chakula nilikuwa napitia pale kulisalimia. Mlinzi wa geti akaanza kuniita Mama Gari, nami nikaitika bila aibu.

Bei ilikuwa imeshuka kwa sababu fulani, na muuzaji hakuficha. Mteja mmoja alirudisha gari nyuma huku mlango wa nyuma wa kushoto ukiwa wazi. Mlango ukanaswa na nguzo ya geti, gari likazidi kurudi, mlango ukasukumwa kuelekea mbele mpaka ukalia. Waliunyoosha na kuupaka rangi, lakini gari halingeweza tena kuitwa jipya. Mimi nilimsikiliza muuzaji nikitikisa kichwa kwa huzuni, na moyoni nikimshukuru sana huyo mteja popote alipo.

Sasa, wazimu wote huu ulikuwa wa mama yangu. Mama anaishi mtaa wa Langas, nyumba yake mwenyewe, kuku wake, redio yake. Aliteleza sokoni akavunjika, akafanyiwa upasuaji, mguu ukapona lakini goti likakataa kukunja. Umenyooka kama mpini wa jembe, na ndio hivyo umeamua kukaa. Dada yake mkubwa anakaa Soy, kwenye barabara ya kwenda Kitale. Soy si mbali, watu huenda na kurudi na chakula hakijaiva, lakini kwa mama Soy ilikuwa imehamia ng'ambo. Kila Jumapili wanapigiana simu wakipiga kelele kana kwamba wanaitana kutoka mlima hadi mlima. Na macho ya huyo dada yake yalikuwa yanaisha. "Njoo nikuone," alikuwa akimwambia, "njoo nikuone kabla haya macho hayajafunga kazi."

Tulijaribu teksi. Dereva na jirani wakamwinua mama kama gunia la mahindi, mguu ukagonga mlango, sketi ikapanda, na vijana wa boda boda wote wakiangalia. Mama akasema ashushwe. Wakamshusha. "Mimi nitapanda tena gari nikiwa kwa sanduku," akaniambia, akaingia ndani akafunga mlango. Nilirudi kwangu nikalia juu ya sufuria ya ugali, na ugali ukaungua.

Mume wangu, mwenye mabega ya kubeba simiti kutwa nzima kazini, siku hiyo alikuwa amesimama kando akiangalia ukuta. Msimlaumu. Kwetu sisi watu wa magharibi mwa nchi, mwanamume hamgusi mama wa mke wake. Hampi mkono, hakai naye karibu, hata kumwangalia usoni ni shida. Wakitaka kuongea wanaongea kupitia kwangu, hata kama wote tuko chumba kimoja na kila mtu anasikia. Mimi ndiye mtandao wao. Kwa hivyo kama mama angeingia garini, ilikuwa lazima aingie mwenyewe.

Jumamosi mume wangu akakubali kuja kuliona hilo gari, lakini alikuja na uso wa mtu aliyeenda kuaga maiti. Akainama chini ya gari. Akanusa oili. Akagonga bodi kwa vidole pande zote, vile mtu hugonga tikiti maji kabla hajalinunua. Halafu akaanza kufungua milango. Mitatu ikafunguka na kusimama pale milango husimama. Wa nne, ule uliogongwa, haukusimama. Uliendelea tu, ukapita wenzake, ukaenda mpaka karibu ubusu mlango wa mbele. Mume wangu akageuka kwangu akiwa na furaha ya mtu aliyepata sababu.

"Umeona? Hii mlango haina breki."

"Bosi, hiyo ni kitu kidogo," muuzaji akasema. "Mkilipia, fundi wetu anaiweka sawa. Itafunguka kama zingine."

"Gari iliyogongwa ni gari iliyogongwa. Mama watoto, twende nyumbani."

Nikamshika mkono wa shati. Nikamwambia kuendesha si kununua, hakuna mtu amefungwa kwa kuendesha. Tuonje tu, tupitie Langas nimsalimie mama, turudishe. Alinitazama hivi, akaona vile nilivyokuwa nikirukaruka na miaka yangu yote, akacheka bila kutaka. Muuzaji alikuwa tayari ameingia kiti cha mbele na kufunga mkanda.

Mama alitoka na fimbo yake kuona ni nani anapiga honi. Mume wangu akazima gari, akashuka, akamwinamia kwa mbali, akaenda kusimama karibu na ua wa jirani akitazama mboga zake za sukuma wiki. Mimi nikaufungua ule mlango kumwonyesha viti. Ukaenda, ukaenda, ukapita kiasi. Mama hakuangalia viti hata kidogo. Aliangalia ile nafasi. Halafu akanipa fimbo.

Alijigeuza, akakipa kiti mgongo, akakaa. Akajisukuma nyuma kidogo kidogo kwa mikono, na ule mguu mrefu ukamfuata, ukipita hewani bila kugusa chochote, maana mlango ulikuwa umekaa mbali kabisa. Akafika katikati ya kiti. Akaweka sketi yake vizuri.

"Ameingia?" mume wangu akauliza sukuma wiki.

"Ameingia."

"Nani amemwinua?"

"Hakuna mtu."

Niliona mgongo wake tu, lakini ulikuwa mgongo wa mtu anayefikiria.

"Mwambie mkwe wangu awashe gari," mama akasema. "Tunaenda Soy."

Muuzaji akageuka haraka. Akaeleza kwa heshima kwamba safari ya kuonja huwa fupi, mpaka kwa mzunguko na kurudi. Mama akamuuliza kama ana mama. Akasema anaye. "Basi kaa vizuri tuende," mama akamwambia. Kijana wa watu akakaa vizuri.

Ile safari nitaikumbuka mpaka nizeeke. Kwa sababu mguu wa mama haukunji, ulipitia katikati ya viti vya mbele, na kiatu chake cha nyumbani kikatua karibu na gia, kando ya mkono wa mkwe wake. Mume wangu aliruka kama aliyeona nyoka. Nikatoa leso yangu nikafunika kiatu. Haikusaidia. Alibadilisha gia kwa vidole viwili, kiwiko amekibana, mwili wote ameuegemeza dirishani. Halafu akakumbuka kioo, kwa sababu mama alikuwa amekaa pale pale katikati, na akiangalia nyuma wataonana uso kwa uso. Akakigeuza kikaangalia dari.

"Bosi, hiyo kioo iko na shida?" muuzaji akauliza.

"Kioo iko sawa," mume wangu akajibu. "Shida ni mimi."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mama naye akaanza, kwanza puani, halafu waziwazi. Simu ya muuzaji ikalia, bosi wake akitaka kujua gari liko wapi. Akasema tuko njiani. Akaulizwa njia gani. Akaangalia mashamba ya mahindi yakipita, akasema kwa sauti ndogo, "Ya Kitale." Tulicheka tena, naye akiwemo.

Soy, dada ya mama alitoka nyumbani ameshika ukuta kwa sababu alisikia gari asilolijua. Mama alijivuta mpaka ukingoni, akasimama, akachukua fimbo yake. Hakuna aliyemgusa. Wakasogeleana polepole, mmoja haoni vizuri, mwingine hatembei vizuri, na mimi nikabaki nimeshika ule mlango. Mama mkubwa alimshika mama mashavu, akamvuta mpaka pua zikagusana.

"Umezeeka," akasema.

"Kwani unaniona?"

"Nakuona. Umezeeka vibaya."

Wakaangua kicheko wakiwa wameshikana hivyo hivyo, na katikati ya kicheko wakalia. Nami nikalia. Muuzaji alijifanya anasoma simu, lakini simu ilikuwa imezima.

Tulikunywa chai haraka kwa sababu gari halikuwa letu. Wakati wa kuondoka mama alijigeuza, akakaa, akajisukuma, mguu ukaingia. Mara hii hakusita. Muuzaji alikuwa ameushikilia mlango kwa mikono miwili, usigonge wa mbele.

"Mama, pole kwa hii mlango," akasema. "Mkichukua gari, hiyo ndio kitu ya kwanza tutarekebisha. Itakuwa kama zingine."

Mimi nilifungua mdomo, lakini nilichelewa.

"Hiyo mlango isiguswe," mume wangu akasema. Alikuwa amesimama kando, ameukabili ukuta wa ghala la mahindi. "Gari tunachukua. Lakini fundi wenu akigusa hiyo mlango, sitaki."

Mama akatengeneza sketi yake.

"Mwambie mkwe wangu nimesikia," akasema.

Nikamwambia. Hakugeuka. Alikuwa bado anaangalia ukuta, akijipangusa uso kwa mkono wa shati.