Kuku wa Roswell

Mimi ni mtu wa maneno. Nyumbani Manibe, karibu na Arua, wanasema nilizaliwa nikibishana na mkunga, na sikatai. Kwa hiyo siku tuliyokwenda Ludara, huko Koboko, kuposa ilikuwa adhabu tupu kwangu, maana kwa mila zetu mposaji haongei. Unakaa kwenye mkeka, unainamisha kichwa, msemaji wa ukoo anakusemea. Ukifungua mdomo, faini. Mwingine wa upande wenu akimdakia msemaji maneno, faini. Faini yenyewe ni kuku, na inaangukia upande mmoja tu, upande unaokuja kuoa. Wenye binti hawalipi kitu, hata wakikoroma katikati ya sala. Ndiyo maana ukoo wenye akili unasafiri na kuku wa akiba, wamefungwa miguu, nyuma ya pikapu.

Nilikuwa nimeshawahi kurudishwa. Baba wa mchumba wangu, askari mstaafu, hakusema hapana. Alisema tu turudi mavuno yakiisha. Mavuno yakaisha, akasema ngoja mvua. Mvua ikaisha, akakaa kimya. Mimi nikakasirika, nikapiga simu kwa mchumba wangu kumuuliza kama baba yake ananiona mwizi au nini. Yeye ni muuguzi wa zahanati, amezoea wagonjwa wakali kuliko mimi, akaniacha nimalize.

"Baba haogopi wewe," akaniambia. "Anaogopa kiti yangu itabaki tupu."

Hapo nikaelewa. Mama yao alishafariki, kaka na dada zake wote wana miji yao, na yeye ndiye kitinda mimba. Kila jioni alikuwa akitoka kazini, anavuta kiti chake karibu na cha baba yake, wanasikiliza redio pamoja. Nani atasikiliza redio na mzee mimi nikimchukua? Nilimwonea huruma, kusema kweli. Lakini binti yake nilimtaka vilevile.

Na kitu kilichowaunganisha wale wawili kuliko vyote kilikuwa Roswell. Usicheke. Zamani huko Marekani, vita vikuu vilipokuwa vimekwisha tu, mfugaji mmoja alikuta vipande vya ajabu vimetapakaa malishoni: makaratasi yanayong'aa, vijiti, mipira iliyochanika. Jeshi likatangaza limepata kisahani kinachoruka. Halafu, kabla watu hawajakaa sawa, likageuza maneno, likasema ni puto la kupimia hali ya hewa. Mzee aliisikia habari hiyo ikisimuliwa redioni miaka mingi baadaye, akiwa kijana kambini, na haikumtoka tena. Nadharia yake ilikuwa ya kiaskari kabisa.

"Askari nasema ukweli mara ya kwanza," alikuwa akisema. "Mara ya pili, ile iko amri."

Basi kwake kile kilikuwa chombo cha watu wa nyota nyingine, na mjadala umefungwa. Kila mgeni aliyeingia kwake alipewa chai na kuulizwa habari ya Roswell. Aliyecheka hakuongezewa chai.

Tukapanga kwenda tena, na mimi nikajiandaa. Nina kibanda cha kutengeneza simu sokoni Arua, na simu ya mteja ukishaifungua lazima uijaribu, basi nilizijaribu zote kwa kusikiliza habari za Roswell. Kumbe nadharia ni nyingi. Wapo wanaosema puto lilikuwa puto kweli, lakini si la hali ya hewa. Yalikuwa mafungu ya maputo ya siri, yamebeba vinasa sauti juu kabisa angani, kusikiliza kama Warusi wanalipua mabomu yao. Hiyo hata serikali yenyewe ilikuja kuikubali baadaye. Ukiuliza maiti za ajabu zilizoonekana, wanakwambia ni midoli mikubwa kama watu, iliyotupwa kutoka kwenye ndege kujaribu miavuli ya kurukia. Wengine wanaapa ni ndege ya Wajerumani iliyotekwa vitani. Wengine wanalaumu maputo ya Wajapani. Na wapo wanaodai ni Mrusi aliyetuma ndege ya kutisha na watoto waliolemazwa ndani, ili Wamarekani waingiwe na kiwewe. Wateja wakaacha kuulizia skrini zao, wakawa wanabishana kibandani kwangu mpaka jirani muuza ndala akalalamika.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, mfanyabiashara wa mbuzi, sauti yake inasikika toka mnadani mpaka barabarani. Njia nzima kwenda Koboko nilimfundisha. Nikamwambia achana na mengine yote, mzee akiuliza jibu ni moja: watu wa nyota nyingine. Akasema amesikia. Shangazi yangu, aliyekaa katikati yetu na mkoba wake mapajani, naye akasema amesikia. Hapo ndipo ningepaswa kujua mambo yataharibika.

Tulipokewa kwa nyimbo, tukakaa, tukasali. Maneno ya mwanzo yakaenda vizuri mno. Halafu mzee akaweka kikombe chini, akanyoosha mgongo.

"Wageni yangu," akasema, "ile kitu ya Roswell, nyinyi naona ilikuwa nini?"

Baba mdogo akakohoa. Nikaona macho yake yanazunguka kama mtu aliyesahau mfuko sokoni.

"Mzee, ile ilikuwa ndege ya Wajerumani," akasema kwa sauti ya mnadani.

"Wajerumani wapi?" Shangazi akamdakia. "Ilikuwa midoli. Midoli na miavuli. Kijana ametueleza vizuri, wewe ulikuwa unasinzia."

"Kuku moja," akasema mshenga wa upande wao, bila hata kupandisha sauti. Kuku akatolewa kwenye pikapu.

Binamu yangu akaona ukoo unaaibika, akaingilia kutuokoa kwa kutangaza kwamba ni Warusi. Kuku mwingine. Dereva wetu, ambaye hata si wa ukoo, alikuwa amejiegemeza mlangoni, akasema Wajapani. Tukamlipia. Baba mdogo akamgeukia shangazi kumwuliza tangu lini mdoli unavaa mwavuli, shangazi akamjibu, na mshenga akawa anahesabu tu. Na mimi pale kwenye mkeka nilikuwa nimeuma ulimi mpaka machozi yananitoka. Nilivumilia, wallahi nilivumilia. Lakini baba mdogo aliporudia Wajerumani wake, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Si tulikubaliana nyota?"

Mposaji ameongea. Tena amemwambia mwenye nyumba kwamba jibu lilipangwa.

"Huyu," akasema mshenga, "huyu kuku mbili."

Wakatolewa wa mwisho waliobaki. Mzee hakuwa amecheka hata kidogo. Alituangalia mmoja mmoja, dereva pamoja naye.

"Hii ukoo haina kamanda?" akauliza.

Kujibu ni kuku, na kuku hatuna. Nikajua nimekwisha. Nikaona pikapu inarudi Arua bila kitu, na mimi naanza tena kusubiri mavuno, mvua, na sijui nini kingine.

Mchumba wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani na birika la maji ya kunawa. Mzee akamgeukia, na sauti yake ikalainika.

"Mtoto yangu, waambie. Waambie ile kitu ilikuwa nini."

Alitaka mtu wa upande wake, mara ya mwisho. Mimi nililiona hilo na likaniuma. Yeye akatua birika chini.

"Baba, mimi nasema puto," akasema. "Ile ya siri, ya kusikiliza Warusi."

Mzee akamkazia macho. "Tangu lini?"

"Tangu nilikuwa kwa shule."

"Na jioni zote zile? Wewe ulikuwa nasema ndiyo, Baba. Ndiyo, Baba."

"Nilikuwa napenda vile unaeleza."

Mzee akainama. Akasugua magoti yake kwa viganja, taratibu, na sisi tukawa tunaangalia vile viganja tu. Alipoinua uso, macho yalikuwa na maji na mdomo ulikuwa unacheza, anauzuia usicheke.

"Kuku moja," akasema.

Mshenga wake akashtuka. "Mzee, huyu iko mtu yetu. Faini ni ya wale."

"Mimi najua faini ni ya nani," akasema mzee. "Kuku moja."

Sisi wanaume tulikuwa bado tunatazamana. Shangazi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alipiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia, mkoba ukaanguka, na ndipo na mimi nikaelewa nilichopewa. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Shida ikabaki moja: kuku wametuishia. Mchumba wangu akafunga kanga vizuri, akaenda nyuma ya jiko, na kwa zile nguo zake za siku kubwa akamkimbiza kuku aliyemfuga mwenyewe, yule mwekundu. Akarudi anahema, ana manyoya kichwani, akapiga magoti mbele ya baba yake akamkabidhi. Mzee akampokea kwa mikono miwili.

"Imeingia," akasema. Kisha akatugeukia sisi. "Watu ya Manibe, chukueni mutu yenu. Na mununue yeye redio."

Redio nilinunua wiki ileile. Sasa tunakaa Arua, na jioni habari zikiisha simu inalia kutoka Ludara. Mzee hasalimii.

"Bado puto?" anauliza.

"Bado puto, Baba," anajibu mke wangu, na anavuta kiti akae vizuri.