Kinanda cha Sauti Ndogo

Enzi zetu pale Ndandalo, mtoto aliamshwa na vyura wa majaruba. Wa rika langu mtakumbuka msimu wa kakao, tulivyomumunya ule utando mweupe wa mbegu mpaka midomo inanata, halafu tukachapwa kwa sababu mbegu zilikuwa za kuuza. Wali ulinukia hadi barabarani, na siku ya samaki mbasa hakuna aliyechelewa kurudi nyumbani.

Mimi ndiye niliyechelewa, kwa ajili ya kinanda cha kanisani. Kilikuwa kile cha kukanyaga, na kilikohoa kwanza kabla ya kuimba. Nikikaa, miguu haikufika chini, basi nilipiga nimesimama, mguu mmoja ukikanyaga. Watoto wa siku hizi wanabonyeza kitufe, kinanda kinajipigia chenyewe, wao wanajipiga picha.

Nilipomaliza shule, Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa ameshaamua niwe muuguzi. Wakati huohuo mwalimu mmoja wa muziki, aliyetutembelea na kwaya yake, alinisikia nikipiga, akawaomba wazazi wangu wanipeleke nikasomee muziki. Tata akakataa. Alisema hajamwona mgonjwa aliyepona kwa kupigiwa kinanda. Jioni moja mama, Mkisi wa ziwani, mfinyanzi wa vyungu, alinawa udongo mikononi, akamwambia bila kupandisha sauti, "Mwache aende. Akishindwa, kwao ni hapa."

Nikaenda. Masomo yakanifikisha Ulaya, na huko nikakutana na kinanda cha kizamani ambacho nyuzi zake hazigongwi, zinadonolewa kama za gitaa. Sauti yake ni ndogo, mtu akikohoa umepitwa. Nilikipenda siku ileile. Leo ndiyo kazi yangu, nakipiga kwenye kumbi ndogo, mbele ya watu waliotulia kama wanaota.

Tata hakuwahi kuniuliza habari za kinanda hicho. Mwaka alioanza kuumwa, nilituma muziki wangu kwenye simu ya mama. Mama alinisimulia kwamba Tata aliiweka simu sikioni, akafumba macho mpaka ukaisha. Kisha akataka nipigiwe simu.

"Hicho kinanda chako," akaniambia taratibu, "ni kama mvua inapoanza kwenye bati. Ndaga, mwanangu."

Asante, kwa Kinyakyusa. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nikilia, watu wakinipita. Hakuishi mpaka nirudi nyumbani.

Sasa nikija likizo, bajaji inanifikisha mlangoni, umeme upo, na kila mpwa wangu ana muziki wake masikioni. Nawaita, hawageuki. Nyimbo wanazo nyingi kuliko sisi, tena nzuri. Ila enzi zile mtu akiimba ng'ambo ya mto, wa upande huu alimwitikia, na wote wawili tuliwajua kwa majina.