Kompyuta ya Immakulata Mbele ya Ukoo

Immakulata alikuwa mpiga video wa Ijumbi, na hata Kimwani walimwita. Shida yake ilikuwa kuhariri. Kompyuta yake ya mtumba ilizimika kila bibi harusi alipokaribia keki.

Akaamua kuunda kubwa, kifaa baada ya kifaa, kwa fedha alizolipwa za kupiga harusi. Mwaka mzima alisoma kwenye simu: prosesa gani inahimili video nzito, madabodi gani inaikubali. Alimsomea baba yake, mzee Ildefons, aliyelala kitandani kwa ugonjwa wa miguu.

"Tata, nikiweka kadi ya picha niitakayo, pawa saplai haitoshi."

"Basi chukua kubwa zaidi. Umeme wa huku utaichoma hiyo."

Siku ya kununua alikwenda Bukoba, dukani kwa Muksini, Miembeni.

"Dada, chukua boksi hili la kioo, lina taa. Mteja akiona taa halalamikii bei."

"Taa hazihariri video, kaka. Hiyo tofauti ya bei niongezee ram."

"Heee! Nani kakufundisha?"

"Kuzimiwa kila siku."

Aliiunganisha mwenyewe, mezani sebuleni, mzee akitazama kutoka kitini alikobebwa. Harusi iliyokuwa ikimchukua siku nne kuhariri ikaisha mchana mmoja. Mzee alicheka kama mtoto, akataka aonyeshwe tena keki ikikatwa.

Mwaka huu mzee akafa. Matanga yalipoisha, ukoo ukakaa sebuleni, juu ya nyasi zilizotandikwa, kutaja warithi. Baba mdogo Byabato ndiye aliyeongoza. Joackim, mtoto wa kwanza wa marehemu, akatangazwa mrithi mkuu. Datius, kitinda mimba, akapata fungu lake. Kibanja, lile shamba la migomba, kikagawanywa, na mibuni, na mbuzi. Kisha Byabato akanyoosha kidole mezani, kwenye kompyuta.

"Na hili?"

"Hilo ni langu, baba mdogo. Risiti ninayo."

Alikimbia kuileta. Byabato akaisoma kwa sauti: mteja, Ildefons. Muksini alikuwa amemuuliza aandike jina la nani, naye akataja la baba yake. Kwao binti haingizi kitu kikubwa ndani kwa jina lake wakati mwenye nyumba yu hai. Ilikuwa heshima tu.

"Umesikia mwenyewe," alisema Byabato.

"Nimeinunua kwa jasho langu! Datius, harusi yako nani aliipiga?"

"Video ni video, risiti ni risiti," Datius alijibu, macho kwenye nyasi.

Joackim alitaka yote. Datius akang'aka kwamba yeye pia ni mtoto wa marehemu. Byabato akainua mkono.

"Hatugombani hapa. Tutagawa. Joackim, boksi. Datius, kioo cha kutazamia."

"Kioo kitupu? Ndani ya boksi kuna kadi yenye bei kuliko vyote. Nilimsikia akimwambia Tata."

"Basi kadi yako. Na hizo ram za kwenye risiti, ziko ngapi? Mbili? Moja moja."

Immakulata alidhani wanatania. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, hakuona utani.

"Baba mdogo, nakuomba. Vikitengana havifanyi kazi. Kila kimoja nilikichagua kwa ajili ya mwenzake. Na mle ndani kuna harusi tatu za watu, sijazimaliza."

"Hata mbuzi wa jana hatembei tena, na nyama umekula."

Wanaume wakaangua kicheko. Wanawake walioketi mlangoni wakainamisha vichwa.

"Na mimi napata nini?"

"Wewe utaolewa, utavikuta huko. Lete bisibisi. Wewe ndiye fundi, hawa wataharibu mali ya marehemu."

Alisema hapana. Alisema mara mbili. Lakini Datius alikwisha kuinuka na kushika kebo, anavuta, umeme ungali unawaka. Immakulata hakuweza kuvumilia. Akamsukuma kando, akazima, akachomoa waya, akagusa chuma cha boksi kwanza kama alivyojifunza, asije akaunguza kitu kwa umeme wa mwilini mwake. Akafungua boksi kwa bisibisi, akatoa skrubu za kadi, akabonyeza kifungio, kadi ikatoka nzima, bila mkwaruzo.

Datius aliipokea kwa vidole vilivyolowa rubisi, pombe ya ndizi. Akaipima mkononi.

"Nyepesi hivi? Ndiyo bei yote ile?"

Akaibana kwapani, kisha akanyoosha tena mkono.

"Na skrubu zake."

Immakulata akamhesabia skrubu mbili kiganjani.